Cheti cha jengo la kijani au msaada wa chuo kikuu? Ulinganisho kwa anayejenga Tabora

Saa nne za usiku, mwezi wa Oktoba, niliingia na mama mlezi kwenye bweni la wasichana la shule moja wilayani Uyui. Bweni halina dari. Ukiinua macho unaona kenchi na bati tupu. Vitanda vingi vilikuwa wazi kwa sababu wasichana walikuwa wameburuta magodoro hadi barazani. "Mwanangu," mama mlezi aliniambia, "siku ya kukabidhiwa hili bweni lilikuwa zuri kweli. Rangi mpya, vigae, madirisha ya aluminiamu. Lakini tangu Septemba watoto hawalali ndani." Niliweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa tatu nyuma, na ukuta ulikuwa bado na joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Shule hiyo inataka kuongeza mabweni mawili na ofisi ndogo, na mimi ndiye fundi sanifu ambaye kamati ya ujenzi inamtegemea. Kwenye kikao mjumbe mmoja alisema amesikia kuna vyeti vya majengo ya kijani, na kwamba wafadhili huvipenda. Mwingine akasema afadhali tuandikie chuo kikuu kitusaidie kitaalamu, habari za cheti zije baadaye. Nikapewa kazi ya kuchunguza. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona baada ya kupambanisha njia hizo, na nayaandika kwa ajili ya yeyote anayejenga shule, zahanati, hosteli au ofisi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku kwetu. Wa Kigoma pia atapata lake.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa jengo dogo la mkoani, kinachopunguza joto, kuni na bili ni maamuzi ya ramani na udongo, na maamuzi hayo huyapati kwenye cheti. Cheti kina kazi yake, lakini kazi hiyo ni kumthibitishia mtu wa tatu. Kama mtu huyo hayupo, fikiri mara mbili.

Njia zenyewe

Njia ya kwanza ni taasisi ya chuo kikuu. Kwa Tanzania mahali pa kuanzia ni Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ambacho mwaka 1996 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwaka 2007 kikasimama chenyewe. Ndani yake mna wasanifu majengo, wakadiriaji majenzi, na taasisi ya masuala ya makazi inayojulikana kama IHSS, inayofanya utafiti, mafunzo na ushauri. Kwenye njia hiyo hiyo naiweka NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi. Hiyo si chuo, lakini kwa mjenzi wa kijijini msaada wake unafanana, na ndiyo iliyosambaza sana tofali la kufungamana, lile linaloshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa.

Njia ya pili ni cheti cha EDGE, kilichobuniwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Kilibuniwa kwa kufikiria nchi kama zetu. Jengo linapaswa kuokoa angalau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati ya matumizi, maji, na athari ya vifaa vya ujenzi, yaani nishati na kaboni iliyotumika kuvitengeneza. Unapimwa dhidi ya jengo la kawaida la nchi yako. Ukifikisha asilimia 40 upande wa nishati unapanda ngazi ya pili.

Njia ya tatu ni vyeti vikubwa. LEED ni ya Marekani: ina pointi 110, unaanza kutambuliwa kwa pointi 40, na ngazi ya juu kabisa, Platinum, inaanzia pointi 80. Green Star ilizaliwa Australia ikahamia Afrika Kusini, ambako baraza la majengo ya kijani liliundwa mwaka 2007, na kutoka huko imesambaa hadi Kenya na nchi nyingine za Afrika. Yenyewe hutoa nyota nne, tano au sita. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi: chama chao cha wasanifu majengo kimeandaa kipimo chao wenyewe, Safari Green Building Index.

Njia zote hizi hazichukui nafasi ya kibali cha ujenzi cha halmashauri. Nimekutana na watu wanaochanganya. Cheti cha kijani ni cha hiari; kibali ni cha lazima.

Bweni letu machoni pa kila mmoja

Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Maana yake jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi mawingu na mvua hutusaidia. Oktoba hakuna wa kutusaidia: mvua hazijaanza, anga ni jeupe, na bati linapigwa jua kuanzia asubuhi, mchana likipigwa wima. Ndiyo sababu kwa jengo la ghorofa moja huku kwetu adui wa kwanza ni paa, na wa pili ni kuta za mashariki na magharibi ambazo jua la pembeni linazipiga kifua. Bweni lile la Uyui limejengwa kwa urefu kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa sababu kiwanja kilikaa hivyo na ramani ililetwa ikiwa tayari. Kwa hiyo kuta zake mbili ndefu ndizo zinazotazama mashariki na magharibi, na madirisha yote yako huko.

Na madirisha yenyewe ni ya kusukuma pembeni. Dirisha la aina hiyo, hata ulifungue lote, linapitisha hewa nusu tu ya uwazi wake, kwa sababu kioo kimoja lazima kikae mbele ya kingine. Luva za zamani, zile ambazo watu wanaziona za kishamba, zikilazwa hupitisha hewa karibu uwazi wote. Hili ni jambo la fedha kidogo sana, lakini limewanyima usingizi wasichana wengi.

Mtaalamu wa chuo akija kwenye kiwanja, hayo ndiyo atakayoyaona kwanza, kabla hajafungua kompyuta. Atazungusha jengo, atarefusha paa lifunike kuta za kaskazini na kusini, atatoboa matundu ya hewa chini ya kenchi, ataweka dari. Atakuuliza upepo wa jioni unatoka wapi. Huo ndio uzito wa njia ya kwanza: inaanza na kiwanja chako.

EDGE inaanza na programu. Nashukuru kwamba programu hiyo iko wazi mtandaoni. Unajisajili, unaingiza vipimo, unaona asilimia zako bila kulipa. Niliingiza bweni letu jipya la kwenye karatasi, nikabadilisha kitu kimoja kimoja: rangi ya bati, uwiano wa madirisha na ukuta, vivuli, feni za dari, taa, mabomba ya kubana maji. Kilichonifurahisha ni jinsi inavyotendea haki majengo yasiyo na kiyoyozi. Mtu angedhani bweni lisilo na kiyoyozi halina umeme wa kuokoa. EDGE hairuki hapo. Inakadiria umeme ambao ungehitajika kulipoza jengo hadi mtu akae vizuri, na joto la ndani likizidi unahesabiwa umeme huo wa kudhaniwa hata kama hutaulipia. Kwa hiyo bweni la moto linapata alama mbaya, kama linavyostahili. Kwa shule ambayo haina mtaalamu, programu hii peke yake ni mwalimu mzuri, na ningemshauri kila fundi sanifu aijaribu hata kama hana mpango wa kuomba cheti.

LEED na Green Star zinaangalia mambo mengi zaidi: usafiri, mahali pa kiwanja, ubora wa hewa ya ndani, usimamizi wa ujenzi, taka. Ni vipimo vizuri. Lakini vinataka makaratasi yanayotaka ofisi nzima, na mahesabu ya nishati yanayofuata viwango vya huko vilikotoka. LEED ya majengo mapya ina hata kima cha chini cha ukubwa, futi za mraba 1,000, karibu mita za mraba 93. Ofisi ya AMCOS ya vyumba vitatu haivuki hata mlango.

Kuna jambo ambalo mizani ya EDGE haina sehemu yake, na kwa Tabora ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliuonyesha mkoa wetu ukiongoza nchi nzima kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 23. Nyavu za madirisha, dari isiyo na upenyo, mlango unaojifunga wenyewe: hivyo havikuongezei asilimia yoyote ya nishati wala maji. Kinyume chake, wavu unapunguza upepo, na usipoangalia utaambiwa jengo lina joto. Jibu ni kukuza madirisha ili hata baada ya wavu hewa itoshe. Mkoani Mtwara zilijengwa nyumba 110 za utafiti zinazojulikana kama Star Homes kwa fikra hizo hizo, kuta zinazopumua na mbu wasipite. Mazungumzo ya namna hiyo unayapata kwa watafiti. Kwenye fomu ya cheti huyapati.

Udongo, na hapa ndipo chuo kinaposhinda

Hebu nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Tofali la kuchoma ndilo la kawaida huku. Ni zuri, mafundi wanalijua, kila kijiji kina tanuru. Lakini miombo yetu imeshagawanywa kati ya mabani ya kukaushia tumbaku, mkaa na matanuru ya matofali, na kuni zinatoka mbali zaidi kila mwaka. Tofali la saruji linakwepa kuni lakini saruji inasafiri kutoka mbali kuja Tabora, na mbali zaidi kwenda Kigoma. Katikati yake kuna tofali la kufungamana: udongo wa hapo hapo, saruji kidogo, nguvu za mikono. La milimita 300 kwa 150 kwa 100, unahitaji karibu 33 kwa mita moja ya mraba ya ukuta, na kwa kuwa yanashikana yenyewe udongo wa kujengea karibu hautumiki.

Tatizo ni kwamba si kila udongo unakubali. Tulichimba mashimo matatu shuleni. Nikachukua chupa tatu za plastiki za lita moja na nusu, nikajaza udongo hadi theluthi moja, nikamimina maji na chumvi kidogo, nikatikisa, nikaziweka kwenye dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu. Chupa ya shimo la kwanza, udongo ambao wenyeji wanauita luseni, ilikuwa imetua kabla sijanawa mikono: mchanga mtupu, na juu yake maji karibu meupe. Ya pili, kutoka kichuguu nyuma ya jiko, ilibaki na rangi ya chai ya maziwa hadi kesho yake, kisha ikaonyesha tabaka nene la mfinyanzi. Ya tatu, kutoka mbugani, ilikuwa nyeusi; udongo wa aina hiyo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na hata msingi haupaswi kukaa juu yake bila hesabu za mhandisi.

Kwa tofali la kushindilia unataka mchanga uwe mwingi na mfinyanzi wa kuushika uwe kiasi. Mfinyanzi ukizidi, tofali linachanika likikauka. Ukipungua, linamomonyoka mikononi likiwa bichi. Kwa hiyo luseni peke yake haifai na kichuguu peke yake hakifai, ila vikichanganywa vinaweza kufaa sana. Vichanganywe kwa kiasi gani, na saruji iwe kiasi gani? Chupa haijibu. Maabara inajibu, kwa kuvunja matofali ya majaribio na kuyaloweka. Hapo mwenye cheti hawezi kukusaidia, kwa sababu EDGE inakuuliza tu umechagua tofali gani kwenye orodha, halafu inahesabu. Haijui kama tofali lako litasimama.

Msaada mwingine wa chuo unaodumu ni mafunzo. Tofali la kufungamana linataka kufunikwa na kumwagiliwa wiki ya kwanza yote. Fundi aliyezoea la kuchoma atalianika juani, na hilo nimelishuhudia kwenye kazi moja nisiyotaka kuitaja: matofali zaidi ya elfu, kingo zote zikabomoka. Siku tano za mafunzo kwa mafundi sita wa kijiji zinabaki kijijini. Nairobi wana mfano mzuri upande wa umeme: kituo cha utafiti wa nishati cha Chuo Kikuu cha Strathmore kinafundisha mafundi wa sola, na chuo chenyewe kilifunga kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, kwa hiyo mwanafunzi anajifunzia kwenye kitu kinachofanya kazi.

Gharama, umbali na subira

Hapa niseme ukweli wa upande wa pili, kwa sababu njia ya chuo ina maumivu yake. Chuo kina ratiba ya masomo. Barua inaweza kulala. Mtafiti anapenda jengo lako liwe la utafiti, na wewe unataka bweni kabla ya Januari. Safari ya Dar es Salaam hadi Tabora, posho na malazi, utalipa wewe isipokuwa wawe na mradi unaolipia. Na mwisho wa yote hupati karatasi ya kumwonyesha mtu benki. Unapata ramani iliyorekebishwa, ripoti ya udongo na mafundi waliofundwa.

EDGE ina mpangilio unaoeleweka zaidi. Unasajili mradi, mkaguzi anapitia michoro, unapewa cheti cha awali. Jengo likiisha anakuja kukagua kwa macho, ndipo cheti kamili. Ada inategemea ukubwa wa eneo la sakafu, na juu yake unalipa mkaguzi na safari yake. Kwa bweni moja, gharama ya kumleta mtu hadi Uyui inaweza kulingana na dari nzima. Kwa majengo kumi ya aina moja inagawanyika na kuwa nyepesi. Kwa hiyo idadi ya majengo ni swali la kwanza la kujiuliza.

Vyeti vikubwa viko mbali zaidi kifedha. Sijaona mantiki yake kwa jengo la shule ya kata au zahanati.

Nani achague nini

Ukiwa kamati ya shule, parokia, msikiti, kikundi cha akina mama au AMCOS, na fedha ni za michango au za ruzuku isiyodai cheti, nenda njia ya kwanza. Tumia programu ya EDGE bure kama kipimo chako cha ndani, basi. Anza na paa na mwelekeo wa jengo, halafu udongo, halafu maji. Maji yanahesabika kirahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata ukipoteza asilimia 20, linakupa lita 72,000. Gata na simtanki vinarudisha fedha zake kabla ya karatasi yoyote.

Ukiwa unakopa, hali inabadilika. Benki zetu zimeanza kuzungumza lugha hii. CRDB iliuza hati fungani yake ya Kijani mwaka 2023 ili kugharamia miradi ya mazingira. Mkopeshaji au mfadhili akikuambia kwa maandishi kwamba cheti kitakupa riba nafuu au kitafungua fungu fulani, chagua EDGE, na uamue kabla ya kuchimba msingi. Anayekumbuka cheti baada ya kufunga lenta ameshachelewa: madirisha yameshakaa, mwelekeo umeshakaa. Hata hapo mtafute mtu wa chuo kwa ajili ya udongo, kwa sababu njia hizi mbili hazigombani.

Ukiwa unajenga hoteli ya wageni wa nje pale Kigoma ziwani, au ofisi ambayo shirika la kimataifa litapanga, mpangaji wako huenda akataja LEED au Green Star kwa jina. Hapo hesabu ni ya kibiashara na ina maana. Majengo makubwa ya taasisi nayo, ya kiwango cha kampasi ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, iliyopangiwa Kigoma chini ya HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu, yana wahandisi na bajeti ya kubeba makaratasi hayo. Kwa Kigoma niongeze kwamba mji uko chini, usawa wa ziwa, na usiku haupoi kama wetu wa Tabora ulioko karibu mita 1,200. Ukuta mnene unaotunza baridi ya usiku, kama wa tembe za Kinyamwezi, unafanya kazi vizuri zaidi huku kuliko kule. Kule tegemea kivuli na upepo wa ziwa.

Kamati yetu ilipiga kura wiki iliyopita. Mabweni mawili yatageuzwa, yalale mashariki kwenda magharibi, na fedha zilizokuwa zimetengwa kwa vigae vya sakafu zimehamia kwenye dari, nyavu na luva. Mjumbe aliyetaka cheti aliomba lango liachwe wazi, na nimekubaliana naye: takwimu zote za EDGE zimehifadhiwa, mfadhili akitokea tunazo. Barua ya kuomba kupimiwa udongo imeshatoka. Mifuko mitatu ya sampuli iko stoo ya shule, imeshonwa na kuandikwa shimo na kina chake, inasubiri gari la kwenda Dar.